Kabla Hujamlaumu Jirani kwa Mti Wake, Chimba Kwanza Upande Wako

Ujumbe uliingia saa nne usiku, siku ileile mti wa jirani yangu ulipoangushwa. Nilikuwa bado nina unga wa mbao kwenye nywele, na mikono inanuka mkaratusi hata baada ya kuinawa mara tatu. Msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, mti wa jirani umeinamia chumba wanacholala wanangu. Nimesema mpaka nimechoka. Ananijibu kwamba kama naogopa, nihame. Nifanyeje?"

Nilimjibu mistari miwili, nikamwahidi makala. Ndugu yangu, makala yenyewe ndiyo hii. Ni ndefu, kwa sababu haya nimeyajua kwa kuumia, na sitaki nikupe vidokezo vitupu halafu ukayarudie makosa yangu. Najua unachotaka, maana ndicho nilichokitaka mimi: umejenga kwa kujinyima, na unataka ukilaza kichwa kwenye mto usikeshe unausikiliza upepo.

Mkaratusi ule ulisimama hatua tatu tu kutoka kwenye ukuta, upande wa jirani, umeegemea kwangu. Sikuwahi kuuogopa mpaka alfajiri moja isiyo na upepo hata kidogo, tawi nene kama paja la mtu mzima liliposhuka lenyewe na kuikunja baiskeli ya mwanangu kama waya. Mikaratusi ina tabia hiyo, huangusha matawi hata siku iliyotulia kabisa. Wakati huo sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba nusu saa baadaye mtoto angekuwa amesimama palepale.

Nilitoka pekupeku, nikapanda juu ya ndoo, nikapaza sauti juu ya ukuta. Jirani yangu ni rika la marehemu baba yangu. Miaka yote namwita baba, naye ananiita binti yangu. Asubuhi ile alikuwa na wageni. Nilimwambia mbele yao kwamba anataka kuniulia watoto. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Binti yangu, habari ya majani ndiyo imefika huku?"

Maana miaka mitatu nyuma nilimlalamikia majani yaliyokuwa yanaziba mfereji wangu wa bati. Kwake yeye kesi ilikuwa ni ileile, imeongezewa kelele. Mimi nikaona nimedharauliwa. Sikumweleza kuhusu tawi, sikumwita aje aione baiskeli. Nikashuka kwenye ndoo nikiwa nimekwisha kumfanya adui.

Kuanzia hapo nilifanya karibu kila kitu ambacho leo ninakukataza. Niliupiga mti picha, nikaiweka kwenye kundi la simu la majirani na maneno makali chini yake. Alijitoa kwenye kundi bila kujibu. Nikatafuta vijana wenye msumeno, nikawaambia wakate kila tawi lililovuka ukuta na walirushe lilikotoka. Yaliangukia vitalu vya maua vya mke wake. Nilisimama pale nikiona haki imetendeka, na sasa nikikumbuka naona aibu, kwa sababu yule mama hakuwahi kunikosea hata neno.

Na kazi yenyewe ilikuwa mbovu. Tawi zito hukatwa kwanza kidogo kwa chini, ndipo likatwe kwa juu, na mkato wa mwisho huachwa nje kidogo ya ule uvimbe unaoliunganisha tawi na shina. Wale vijana walikata juu peke yake. Matawi yalishuka yakichana gome hadi kwenye shina, yakaacha vidonda virefu ambavyo mti hauwezi kuvifunga. Nililipia mti hatari uwe hatari zaidi.

Utaniuliza, kwani sina haki ya kukata kilichoingia kwangu? Inategemea uko wapi, na ndiyo maana nakusihi uisome sheria ya nchi yako kabla hujashika panga. Uingereza, tangu uamuzi wa mwaka 1894 wa iliyokuwa mahakama yake ya juu kabisa, unaweza kukata matawi yaliyovuka mpaka bila hata kumtaarifu mwenye mti, mradi usiingie kwake, lakini matawi yenyewe yanabaki kuwa mali yake. Ufaransa ni tofauti: kifungu cha 673 cha sheria yao ya madai kinakuruhusu kukata mwenyewe mizizi iliyoingia kwako, ila matawi lazima umlazimishe mwenye mti ayakate. Ujerumani inakutaka umpe mwenye mti muda wa kutosha kwanza. Japani ilibadilisha sheria yake, na tangu Aprili 2023 unaweza kukata matawi ikiwa ulimtaka ayakate na muda wa kutosha ukapita bila yeye kufanya kitu. Na kuna sehemu ambako mti wenyewe unalindwa kisheria, ukiugusa bila kibali unashtakiwa wewe uliyekuwa unalalamika.

Miezi minane iliyofuata nairuka. Ilikuwa ya kununiana tu, na kila mvua ikianza nawahamishia watoto sebuleni.

Aliyenifungua macho ni shemeji yangu, ambaye ni wakili. Nilimsimulia kisa chote huku nimepandwa na hasira. Aliponisikiliza mpaka mwisho aliniuliza swali moja: "Una karatasi yoyote?" Sikuwa nayo. Miezi yote ile nilikuwa na mdomo tu. Akaniambia kwamba siku mti ukianguka, jambo la kwanza atakalosema mwenye mti ni kuwa hakujua. Akanitajia kesi ya Uingereza ya mwaka 1980, ambapo mahakama ya rufaa ilisema mwenye ardhi anayejua kuwa kuna hatari ya asili kwenye ardhi yake ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kuizuia. Neno lenyewe ni kujua. Barua yenye tarehe inaliua neno "sikujua".

Basi andika. Ukisahau mengine yote ya makala hii, kumbuka hili: andika. Barua yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Nilitaja siku tawi lilipoanguka, nikaambatanisha picha ya baiskeli, nikaomba radhi kwa yale niliyosema mbele ya wageni wake na kwa maua ya mama. Halafu nikaomba kitu kimoja tu. Sikuomba mti ukatwe. Niliomba ukaguliwe na mtaalamu wa miti ndani ya siku 30, kwa gharama yangu. Nakala nikabaki nayo. Ukimwambia mtu kata mti wako, umemwambia ana hatia. Ukimwambia tuukague, umemwachia nafasi ya kuwa mtu mwema. Siku ya 19 alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Mlete Jumamosi."

Mtaalamu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliuzunguka mti akiugonga kwa nyundo ya mpira kuanzia chini. Ko, ko, ko, halafu ghafla mlio ukabadilika ukawa mzito kama wa ngoma. Pale pale, usawa wa goti, upande ambao mimi nisingeweza kuuona kutoka kwangu, kulikuwa na uyoga mgumu wa kahawia umeota kama rafu ndogo. Baba akasema, "Lakini mti huu mzima, tazama majani yake." Ndilo alilokuwa ananiambia siku zote, na kusema kweli hata mimi nilikuwa sina jibu.

Mtaalamu akatoa bisibisi mfukoni. Akaiweka chini ya ule uyoga, akaisukuma kwa kiganja. Ilizama mpaka kwenye mpini, bila kelele, kama inaingia kwenye mkate. Alipoivuta ilitoka na unga mweupe uliolowa. Kisha akaeleza: maji na chakula cha mti hupita kwenye tabaka za nje, karibu na gome. Mbao ya katikati kazi yake kubwa ni kuubeba uzito. Ndiyo maana mti unaweza kuoza katikati ukabaki na majani mabichi mpaka siku unapoanguka. Na uyoga ukishatokea kwenye tako la mti, yaani chini kabisa ya shina, uozo umekwisha kukaa humo ndani muda mrefu.

Ningependa kisa kiishie hapo. Nilikuwa nimeshaanza kujisikia mshindi. Lakini yule mtaalamu alinigeukia akaniuliza, "Na upande wako naweza kuuona?"

Alichimba kwa mwiko wa bustani, chini ya ukuta wangu, mahali penye ufa mdogo kwenye udongo. Hakwenda mbali. Mizizi mingi ya mti hukaa juujuu, ndani ya kama sentimita 60 za kwanza, na huenea mbali kuliko kivuli cha matawi. Kwenye kina cha mkono akasimama, akasugua udongo kwa kidole gumba. Kulikuwa na mzizi mnene kama shingo ya mtungi, umekatwa wima, mkato ulionyooka kama umepimwa kwa rula. Umekuwa mweusi na laini. Karibu yake mwingine. Na mwingine.

"Ukuta huu ulijengwa lini?" akauliza.

Miaka sita iliyopita. Niliujenga mimi. Nakumbuka vizuri fundi aliponiita kwenye mtaro wa msingi akaniambia, "Mama, hapa kuna mizizi mikubwa," nami nikiwa na haraka, saruji imeshafika, nikamjibu akate tu. Akakata kwa shoka. Mizizi ile ndiyo iliyokuwa imeushika mti upande ulioelemea. Na kidonda cha mzizi ni mlango wa kuvu.

Nilimwuliza mtaalamu kama mimi ndiye niliyeuua ule mti. Alisema hawezi kugawa lawama kwa vipimo. Uyoga ulikuwa upande wa baba, mizizi ilikatwa upande wangu, na vidonda vya juu ni vya vijana niliowaleta. Ripoti ilikuwa inakuja kwangu kwanza kwa sababu nililipa mimi. Usiku ule, nakuambia ukweli wako ndugu msomaji, nilifikiria kumwomba aiondoe aya ya mizizi. Niliishika simu. Nikaandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika tena. Kilichonizuia ni kumkumbuka yule mama akiokota maua yaliyovunjika bila kunitazama.

Nilimpelekea baba ripoti nzima na kumsomea aya ile mwenyewe, kwa mdomo wangu. Alikaa kimya. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni wewe." Nikasema, "Ni mimi pia, baba." Hakuna sentensi iliyowahi kuniwia nzito kama ile. Hakunifariji, na hakusema neno kuhusu miezi aliyonijibu nihame, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo kama wewe. Lakini wiki hiyohiyo alikubali mti uondolewe. Tuligawana gharama nusu kwa nusu, tukaandikiana na kutia sahihi, yeye, mimi na shemeji yangu kama shahidi.

Nisikilize sasa, wewe uliyeniandikia. Usianze na sauti, anza na karatasi. Usiende kwenye kundi la simu, mtu akishaaibishwa mbele za watu hawezi tena kukubali bila kuonekana ameshindwa. Mpelekee barua. Piga picha kila mwezi kutoka mahali palepale ili ionekane kama mti unazidi kulala. Angalia kama udongo umeinuka upande wa nyuma ya mwinamo, hiyo ikitokea usisubiri siku 30, wahamishe watoto leo na uwaite wenye mamlaka leo. Mti ulioinama tangu utoto wake unaweza kusimama hivyo maisha yake yote. Ulioanza kuinama juzi ndio wa kukimbia. Na andika. Nimekwisha kusema, nasema tena.

Halafu uwe mkweli kuhusu upande wako. Umejenga? Umechimba mtaro wa bomba? Umemwaga kifusi juu ya mizizi? Mwenye haki hachagui ukweli unaompendeza. Tunapenda sana kudai usalama wa watoto wetu, na ni sawa, lakini watoto haohao wanatutazama tunavyoudai. Mwanangu alikuwa juu ya kiti dirishani siku ile narusha matawi. Sijui alijifunza nini, na hilo bado linaniuma kuliko baiskeli.

Kuhusu baba, tunasalimiana. Nikisema shikamoo anajibu marahaba. Neno "binti yangu" hajalisema tena, na nimeacha kulisubiri. Jana walipomaliza kukata, sote wawili tulienda kukitazama kisiki. Shimo la katikati lilikuwa kubwa, niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na sikugusa chini. Mbao nzima iliyobaki ilikuwa pete nyembamba, upana wa vidole vinne. Aliinama, akaipima kwa vidole vyake mwenyewe, mara mbili, upande unaotazama nyumba yangu.

Kesho mchana, kukiwa na mwanga, nitumie picha. Usinipigie matawi. Nipigie tako la mti, pande zote unazoweza kuzifikia, na ardhi iliyo chini ya ukuta wako.