Baiskeli, jua la Dodoma na shati la ofisini

Jumapili nilipata ujumbe wa dada mmoja aliyehamishiwa Dodoma kikazi. Amenunua baiskeli ya mtumba, lakini majirani wanamwambia jua litamwangusha njiani. "Kaka, wewe unawezaje kwenda kazini kwa baiskeli?" Namjibu hapa, maana najua wengi wenu mmechoka na nauli ya bodaboda.

Mimi nakaa mtaa wa Kisasa, hapa hapa Dodoma, kazi iko Mtumba, upande wa mashariki wa mji, kilomita kama 12 kwa barabara ya Dar es Salaam. Nilianza Oktoba, mwezi ambao jua la hapa linapita utosini na upepo wa mashariki haupumziki. Siku ya kwanza nilitoka saa mbili kasoro. Upepo kifuani, jua machoni, kila lori likipita linaniachia mchanga mdomoni. Nilifika shati la bluu limechorwa chumvi mgongo mzima. Mkubwa mmoja akanitazama mbele ya wageni, akasema, "Hapa ni ofisini, si shambani." Sikujibu. Nilikwenda kunawa kwenye bomba la bustani, na mchana ule chakula hakikupita. Mpaka leo neno lile linaniuma.

Baiskeli ikakaa nyuma ya nyumba wiki tatu. Aliyenitoa huko ni mzee anayetuletea mkaa, magunia mawili kwenye keria. Nilimuuliza jua analifanyaje, akashangaa. "Jua gani, mwanangu? Mimi natoka saa tisa usiku. Likichomoza nimeshauza."

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana hata miezi ambayo mchana unafika nyuzi 31 au 32, alfajiri unaweza kutamani sweta. Sasa saa kumi na mbili niko barabarani, saa moja nimefika sijalowa. Toka mapema, ndugu zangu. Hilo nitalirudia mpaka mnichoke.

Kurudi ndiko kulikotaka kunimaliza. Siku moja ya Novemba niliruhusiwa saa nane. Upepo ulikuwa mgongoni, nikafurahi, nikakanyaga kwa nguvu. Kumbe upepo wa mgongoni unakwenda nawe, haukupoozi. Tena hewa yetu ni kavu: jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani hupotezi maji. Nusu ya njia kichwa kikaanza kugonga, kisha vinyweleo vikanisimama kwa baridi, juani! Nilishuka nikakaa chini ya mwarobaini mpaka saa kumi na moja.

Ukisikia baridi juani, shuka. Ukimwona mwenzako anaongea ovyo, mtoe juani, mmwagie maji, mpepee, awahi hospitali; huo si uchovu wa kawaida. Mimi sasa nabeba lita mbili za maji na pakiti ya ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, na nikitoka kazini mapema nasubiri jua lishuke. Mapema asubuhi, jioni jua likishalegea. Basi.

Mbigili nazo! Wiki moja nilipata pancha tatu. Fundi wangu alikata tyubu kuukuu, akaitandika ndani ya tairi, na tangu hapo miiba haipenyi ovyo.

Lakini niseme na nyinyi wakubwa wa ofisi. Mnajenga maegesho ya magari yenye paa, baiskeli inafungwa kwenye nguzo juani mpaka tandiko halikaliki. Bafu moja lenye ndoo lingetosha. Mtu anayekuja kazini kwa nguvu za miguu yake mwenyewe hajawavunjia heshima, na mnapomwaibisha mnamrudisha kwenye mkopo wa pikipiki asiouweza. Pandeni na miti pembeni ya barabara, kisha muimwagilie. Mche wa Dodoma ukiachwa unasubiri mvua ya Desemba unakufa Septemba.

Dada, kabla hujaanza Jumatatu, nenda ofisini kwako ukaulize bomba liko wapi na nani ana ufunguo wa bafu. Nguo za kazi zipeleke Ijumaa, zikungoje huko. Na nijibu: umepanga kutoka saa ngapi?