Maswali Yenu: Baraza la Kata Halihukumu, Nitasema Mara Ngapi?

Baraza la kata limenipa ushindi dhidi ya jirani aliyejenga choo ndani ya mpaka wangu. Nakaziaje hukumu? (Buhongwa)

Hukumu gani, ndugu yangu? Kila wiki naletewa swali hili likiwa limevalishwa nguo nyingine. Zamani baraza la kata liliamua migogoro ya ardhi isiyozidi shilingi milioni 3. Sheria ikabadilishwa mwaka 2021: sasa linasuluhisha tu. Likishindwa, linakupa hati ya kushindwa, nawe unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda wilayani hata bila hati hiyo. Karatasi uliyonayo, hata ikiwa na mihuri mitatu, haimvunjii mtu choo.

Lakini kabla ya kukimbilia wilayani, rudini mkae tena, safari hii pale pale kwenye kiwanja, si ofisini. Mji huu wa Mwanza wote ni mawe, halafu watu wanaandikiana "mpaka ni lile jiwe kubwa". Lipi? Mkikubaliana, pandeni minyaa au katani mbele ya majirani wa pande zote nne, pimeni hatua, andikeni, kila mmoja atie saini na abaki na nakala. Nimeona suluhu nzuri za mdomo zikifa siku mzee mmoja alipozikwa.

Mume wangu amegoma kuja baraza la usuluhishi la ndoa. Nimekwama? (Igoma)

Hujakwama, dada. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri lipite barazani kabla ya kuomba talaka mahakamani, ila haimpi mgomaji ufunguo wa kukufungia. Akiitwa na akakaidi makusudi, mahakama inaweza kukusikiliza. Hakikisha wito umeandikwa na ubaki na nakala. Na kama kinachokutoa nyumbani ni kipigo, usingoje baraza: nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Wazee wa "vumilia mwanangu" wapo wengi, na hawalali chumbani kwako.

Binti wa darasa la tano amebakwa na ndugu wa ukoo. Wazee wanataka yaishe kwa ng'ombe wawili. Inaruhusiwa? (Magu)

Hapana. Polisi na hospitali, leo. Kifungo cha ubakaji huanzia miaka 30, na hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kukibadilisha kuwa mifugo.

Nilifukuzwa kiwanda cha samaki miezi miwili iliyopita. Bosi anasema "tutakaa tuyamalize". (Ilemela)

Amekukalisha vya kutosha. Kupinga kuachishwa kazi kunafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Umechelewa, nenda kesho ukaombe kuongezewa muda, na uwe na sababu ya maana. "Bosi aliniahidi" ni sababu dhaifu.

Sisi ni wavuvi wanne wa dagaa. Tajiri mwenye mitumbwi anakata mafuta na chakula kwanza, anatupa kinachobaki, hatujui amekata kiasi gani. Tumpeleke polisi? (Ukerewe)

Kwa kosa lipi? Hii ni hesabu, na hesabu ndiyo usuluhishi unaiweza kuliko mambo yote. Subirini mbalamwezi, dagaa hawavuliwi na mitumbwi ikiwa imepumzika. Kuongelea mgao alfajiri mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, dagaa bado wako kwenye ndoo na wanunuzi wanapiga kelele, ni kutafuta ngumi. Mtafuteni mtu anayeheshimiwa na tajiri, asiye na mtumbwi wala deni kwa upande wowote. Kiongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi mwaloni, anafaa, ila kama naye ni tajiri wa mitumbwi, mpisheni.

Neno "anatuibia" liacheni nyumbani. Likishatoka, tajiri atatetea jina lake na kusahau fedha zenu. Anzeni na giza linalokuja, siku za kuvua bila mwezi: daftari moja, lita za mafuta, bei, ndoo zilizouzwa, aandike mmoja wenu na tajiri asaini kila asubuhi. Madai ya nyuma yazungumzwe baada ya hapo, na mjiandae kutoyapata yote.

Naruhusiwa kwenda na wakili baraza la kata? (Nyegezi)

Hapana. Ndugu au mtu wa nyumbani kwako anaweza kukusemea, baraza likiruhusu. Nenda na mkeo. Tarehe anazikumbuka yeye.