Kuvua suti ya mbizi ukiwa peke yako

Msomaji mmoja wa Kisumu ameniandikia kwamba suti yake ya mbizi humganda mwilini kila akitoka ziwani, na hana wa kumvuta mikono. Sishangai. Wengi hupiga soga kwanza hadi suti inaanza kukauka, halafu ndipo wanaanza kupigana nayo.

Neoprini, mpira laini ulioshonewa suti hii, ikiwa na maji ndani huteleza juu ya ngozi. Maji yakishachuruzika, mpira hung'ang'ania, na hapo nguvu hazisaidii. Ndiyo maana watu wa baharini huambiana wavue wakiwa bado kwenye maji ya kiuno. Hapa kwetu ufukwe wa Dunga, Kisumu, ushauri huo usiufuate. Maji ya kina kifupi yenye magugu na mafunjo ndiyo makao ya konokono wa kichocho, na kiboko hatakusubiri umalize kujikwamua mkono. Suti nayo si kinga, maana maji huingia ndani.

Acha jerikani ya lita 20 ya maji ya mfereji pale nchi kavu. Ukikosa ya mfereji, maji ya ziwa yaliyochujwa na kukaa siku mbili kwenye pipa lililofunikwa yanafaa, kwa kuwa vijidudu vya kichocho havidumu muda huo bila kupata ngozi ya kuingia.

Ukitoka majini, saa ya mkononi ivuliwe kwanza. Bandua velkro, ule ukanda wa kunata wa shingoni, kisha tanua kifua na urudishe mabega nyuma ili mgongo wa suti ulegee. Ukiinama unazidi kuikaza zipu ya mgongoni. Mkono mmoja ushike kola, mwingine uvute kamba ya zipu kwenda chini. Ikikwama, mara nyingi imeuma kitambaa cha ndani: irudishe juu kidogo, ukitoe, ujaribu tena. Ikifunguka, mimina jagi moja ya maji ya jerikani ndani ya suti kila bega.

Mabega ndiyo kazi yenyewe. Kwa mkono wa kulia shika suti kwenye bega la kushoto, kwa nyama ya vidole, kwa sababu kucha huichana. Ivute nje ya bega, ishushe hadi kiwiko ikijigeuza ndani nje. Bega la kulia usiliguse bado! Ukiyashusha yote mawili kwa pamoja, mikono hufungwa nyuma kama kwa pingu na hubaki na hata mmoja wa kukuokoa. Kwenye kifundo, ingiza gumba la mkono wa pili ndani ya upindo na uuvushe juu ya kiganja, huku mkono unaotoka umekusanya vidole, gumba likiwa limelala ndani. Ukikataa, bana upindo katikati ya magoti na uvute mkono taratibu. Mkono wa pili utakuwa rahisi.

Kiwiliwili kishushe chote hadi chini ya makalio, kisha kaa chini. Usirukeruke kwa mguu mmoja kwenye mbao zenye maji. Hapa kinachonasa ni kisigino, kwa kuwa mguu uliokunjwa ni mpana kuliko tundu. Nyoosha vidole vya mguu mbele, ingiza gumba, vusha upindo.

Mafuta ya mgando yaache nyumbani. Hudhoofisha neoprini na gundi ya mishono. Pakibana sana, tone la sabuni ya maji kwenye jagi linatosha. Na ukinunua suti ya mitumba pale soko la Kibuye, iache ya unene wa milimita 5 iliyoshonwa kwa ajili ya maji baridi ya Ulaya. Kwa ziwa letu milimita 3 zinatosha, nayo huvulika kwa nusu ya jasho. Vuta upindo kabla ya kulipa: usiponyumbuka dukani, mwilini hautanyumbuka.

Ukihisi kizunguzungu, achana na mikono, fungua kola kwanza. Zipu ikikataa kabisa, tumia mkasi wenye ncha butu, ukate kuanzia kola kushuka kifuani, makali yakielekea nje. Mkato ulionyooka huunganishwa tena kwa gundi ya neoprini.