Alama kutoka kwenye kompyuta: jibu kwa mnaouliza kuhusu ofisi za serikali Uholanzi

Swali linalotufikia kila mara kutoka Dar, Mombasa na Bujumbura ni hili: ni kweli huko Uholanzi akili mnemba (AI) ndiyo inayoendesha ofisi za serikali, hakuna foleni, hakuna wa kumpa chai, unabonyeza simu hela inaingia? Na kama ni kweli, kwa nini na sisi tusiige hivyo hivyo?

Kuhusu foleni na chai, kwa sehemu kubwa ni kweli. Ukishafika na kujiandikisha manispaa unapewa namba ya mkazi, BSN, na kwa namba hiyo unafungua DigiD, ambayo ndiyo ufunguo wa kuingilia karibu kila ofisi ya serikali mtandaoni. Humo unaomba ruzuku ya bima ya afya, ya kodi ya nyumba, ya malezi ya mtoto. Fomu ya kodi ya mapato inafunguliwa tarehe 1 Machi ikiwa imekwisha kujazwa mshahara wako na salio lako la benki. Wewe unakagua, unasahihisha, unaituma kabla ya tarehe 1 Mei. Hakuna karani wa kumbembeleza. Kwa mtu aliyezoea kuambiwa "njoo kesho, faili halionekani", hilo ni jambo kubwa na hatulidharau.

Ila kuna mambo mawili ambayo mgeni haambiwi mapema. La kwanza, ruzuku inayoingia kila mwezi, karibu na tarehe 20, bado si yako. Ni malipo ya awali, yaliyokadiriwa kwa mapato uliyoyataja mwenyewe. Mwaka ukiisha na kodi ikishapigwa hesabu, wanalinganisha. Kama ulifanya kazi saa nyingi zaidi, ulianza kuishi na mwenza, au mtoto alipunguziwa siku za chekechea, unadaiwa. La pili, ombi lako linaweza kupitia kwenye programu inayopanga nani akaguliwe kabla mtu yeyote hajalisoma. Hapo ndipo watu walipoumia, na wengi wao ni wahamiaji kama sisi.

Kuanzia mwaka 2013, idara ya ruzuku ya Mamlaka ya Kodi ilitumia mfumo uliofundishwa kwa maombi ya zamani, yale yaliyoonekana sahihi na yale yaliyoonekana na kasoro. Kila ombi la ruzuku ya malezi lilipewa alama kati ya 0 na 1, na yenye alama za juu kabisa yalipelekwa kwa ofisa ayakague kwa mkono. Miongoni mwa vigezo kilikuwemo uraia: asiye raia wa Uholanzi alama yake ilipanda. Kipato kidogo nacho kiliipandisha. Sasa fikirieni meza ya yule ofisa. Faili limemfikia kwa sababu ya alama, lakini hakuambiwa ni kigezo gani kilichoipandisha. Anachojua ni kwamba kompyuta imelishuku. Mtu akianza kusoma faili namna hiyo hakosi cha kuokota: sahihi iliyosahaulika, risiti ya mwezi mmoja haipo, saa za chekechea hazilingani na mkataba. Na anayekaguliwa zaidi ndiye anayekutwa na kasoro zaidi, hata kama jirani asiyekaguliwa ana kasoro zilezile.

Hata hivyo kompyuta peke yake isingeangusha familia hizo. Kilichoziangusha ni sheria iliyosomwa kwa ukali: kosa dogo, rudisha zote. Mzazi hutakiwa kuchangia sehemu ya ada ya chekechea mwenyewe. Akishindwa kuthibitisha kwamba alilipa mchango huo wote, hata kama kilichopungua ni euro mia kadhaa, alidaiwa ruzuku ya mwaka mzima, na madai yakafika maelfu, hata makumi ya maelfu ya euro. Aliyeandikwa kwamba alifanya makusudi au uzembe mkubwa alinyimwa hata nafasi ya kulipa kidogo kidogo kulingana na uwezo wake. Mishahara ikakatwa, ruzuku nyingine zikazuiwa kufidia deni, kuna waliopoteza nyumba. Raad van State, ambayo ndiyo ngazi ya mwisho ya rufaa katika mashauri haya, iliubariki usomaji huo kwa miaka, mpaka Oktoba 2019 ilipobadili msimamo. Tena si kila aliyeumia alichaguliwa na kompyuta. Mwaka 2014 huko Eindhoven wazazi wapatao 300 walikatiwa ruzuku kwa mkupuo kwa sababu walitumia wakala mmoja wa malezi aliyeshukiwa, na uamuzi huo ulikuwa wa watu wenyewe, si wa kompyuta.

Mambo hayo hayakufichuliwa na ofisi yenyewe. Wakili Eva González Pérez alishika kesi za wazazi wa Eindhoven, wabunge Pieter Omtzigt na Renske Leijten wakabana mawaziri, gazeti la Trouw na kituo cha habari cha RTL Nieuws wakaandika bila kuchoka. Desemba 2020 kamati ya Bunge ikatoa ripoti kwamba wazazi wametendewa dhuluma isiyo na mfano, na tarehe 15 Januari 2021 serikali ya Mark Rutte ikajiuzulu. Uchaguzi ukafanyika Machi, Rutte akarudi kuwa waziri mkuu. Mamlaka ya kulinda taarifa binafsi iliipiga Mamlaka ya Kodi faini ya euro milioni 2.75, na kila mzazi aliyethibitishwa kuumizwa aliwekewa kiwango cha kuanzia cha euro 30,000. Aliyevunjikiwa ndoa au kufilisiwa biashara anajua hizo hela zinatosha nini.

Kuna mnaosema, basi waondoe kigezo cha uraia, yaishe. Haiishi. Angalieni DUO, ofisi inayolipa posho za wanafunzi. Mwanafunzi asiyeishi nyumbani kwa wazazi hulipwa zaidi, kwa hiyo DUO ilikuwa ikitafuta wanaodanganya anwani. Vigezo vyake vilikuwa vitatu tu, wala havikuwa akili mnemba ya kutisha: aina ya chuo, umri, na umbali kutoka nyumbani kwa wazazi. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi alipata alama ya juu kuliko wa chuo kikuu, mdogo kwa umri kuliko mkubwa, na anayekaa karibu na wazazi kuliko anayekaa mbali. Hakuna neno "mhamiaji" hapo. Lakini watoto wa wahamiaji ndio wengi vyuo vya ufundi, na ndio wanaokwenda kukaa kwa shangazi au binamu mtaa wa pili. Wakawa wao ndio wanaogongewa milango. Serikali iliomba radhi Machi 2024, na baadaye mwaka huohuo ikatenga euro milioni 61 za kuwarudishia wanafunzi zaidi ya 10,000.

Rotterdam walikwenda mbali zaidi. Kati ya 2017 na 2021 manispaa ilitumia mfumo uliotengenezwa na kampuni ya ushauri ya Accenture kupanga watu wapatao 30,000 wanaopokea msaada wa kujikimu, nani aanze kukaguliwa. Vigezo vilikuwa 315. Ndani yake mlikuwa na jinsia, umri, kama una watoto, unajua Kiholanzi kiasi gani, na hata maoni ya ofisa aliyekuhoji kuhusu ulivyo. Mama asiye na mume, mwenye Kiholanzi cha kuombea maji, alipanda kwenye orodha bila kufanya kosa lolote. Wakaguzi wa manispaa walipouhoji, ukasimamishwa. Amsterdam wakajaribu kutengeneza wa haki: wakashirikisha wataalamu, wakapunguza vigezo, wakapima upendeleo kabla ya kuuanzisha. Jaribio la kwanza liliwaonea wasio raia. Walipourekebisha na kuujaribu kwenye maombi halisi ukageuka kuwashuku zaidi Waholanzi na wanawake, na kwa kutambua kasoro haukuwapita maofisa wenyewe. Wakauacha. Tunawaheshimu kwa hilo, maana ni ofisi chache zinazoweza kutumia fedha kwenye kitu halafu zikasema mbele za watu kwamba hakifai.

Ulinzi umeongezeka kidogo. Tarehe 5 Februari 2020 mahakama ya Uholanzi iliyoko The Hague iliuzuia SyRI, mfumo wa kitaifa uliokusanya taarifa za kodi, kazi, nyumba na madeni na kutumiwa kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuona unavyofanya kazi. Tangu Desemba 2022 kuna daftari la wazi mtandaoni ambamo ofisi za serikali huandika mifumo zinayotumia. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba, iliyoanza tarehe 1 Agosti 2024, inaiweka mifumo ya kuamua nani apate msaada wa serikali kwenye kundi la hatari kubwa. Ni hatua nzuri, lakini barua ikikufikia leo, kitakachokusaidia ni makaratasi yako.

Kwa hiyo anayejiandaa kuja na watoto ayashike haya. Ombi la ruzuku ya malezi lipelekwe ndani ya miezi 3 tangu mwezi malezi yalipoanza. Chekechea au mlezi lazima awe kwenye daftari la taifa, LRK. Omba namba yake kabla ya kusaini mkataba. Saa zinazolipiwa hazizidi 230 kwa mwezi kwa kila mtoto. Mchango wako ulipe kwa benki, kamwe usilipe taslimu, hata mlezi akiwa dada yako wa kanisani. Tunza mkataba, ankara za kila mwezi, taarifa ya mwaka na risiti za benki kwa miaka 5. Mabadiliko ya mapato, anwani, mwenza au saa za mtoto yaripoti ndani ya wiki 4. Kipato kikiwa cha kupanda na kushuka, kadiria juu kidogo: ni heri upokee pungufu na kuongezewa baadaye kuliko kudaiwa.

Barua ikija, cha kwanza tazama tarehe iliyoandikwa juu, si siku uliyoipokea. Kuanzia hapo una wiki 6 za kuweka pingamizi. Usitegemee tafsiri ya simu kwa tarehe na kiasi cha fedha, na hakikisha unajua kama barua inasema malipo ya awali au hesabu ya mwisho. Huna vielelezo bado? Tuma pingamizi fupi lenye jina, BSN, tarehe na namba ya barua, sema unapinga na kwamba sababu zitafuata, ili muda usikupite. Juridisch Loket, ofisi ya msaada wa kisheria, hushauri bure wenye kipato kidogo, na manispaa nyingi zina washauri wa jamii wanaokaa nawe kuandika. Wakati huohuo iandikie ofisi kudai nakala ya taarifa zote inazoshika juu yako; inatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Uliza waziwazi kama ulichaguliwa na mfumo wa alama, na kwa vigezo gani.

Na lile la kuiga, ndugu zetu, mmekwisha kuanza. Kenya tangu Oktoba 2024 mtu wa sekta isiyo rasmi anayejiunga na SHA, bima ya afya ya serikali, hujibu maswali kuhusu kaya yake na makazi yake, kisha mfumo unakadiria kipato chake na kumpangia asilimia 2.75, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania unaosaidia kaya maskini, nayo kwa miaka imekuwa ikipima kaya kwa fomula ya namna hiyo. Fomula ya kukadiria kipato kwa kutazama vinavyoonekana itamkosea mtu tu: mjane aliyeachiwa nyumba nzuri na hana cha kupika ataonekana anajiweza.

Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kuarifiwa kwa maandishi uamuzi unaokugusa sana ukifanywa na kompyuta peke yake, na kudai ufikiriwe upya. Sheria ya Tanzania ya 2022 ina kifungu cha mwelekeo huo. Mwanya uko kwenye hayo maneno "peke yake": ofisi itasema kuna ofisa aliyeidhinisha. Huku walisema hivyohivyo. Kwa hiyo barua yenu isiishie kuuliza kama ni kompyuta. Iulize ofisa huyo aliona nini zaidi ya alama, alikuwa na mamlaka ya kuibadilisha, na ni lini mara ya mwisho aliibadilisha kwa mtu yeyote. Ipelekeni nakala mbili, moja ibaki kwenu ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe.