Burudani za kitamaduni Dar: fuata saa ya jukwaa, si saa ya tangazo

Mkuu, umeuliza hivi: umehamia Dar kikazi, Jumamosi na Jumapili uko huru, baa zenye spika kubwa zimekuchosha, unataka kuuona utamaduni wa mji, lakini kila ukienda kwenye onyesho unakuta ama halijaanza ama limekwisha. Nakujibu kwa urefu kwa sababu ni mambo ninayoyapenda na nayafuatilia sana. Shida yako ni saa. Vitu vipo, tena vizuri.

Nianze na muziki wa dansi, maana hapo ndipo wageni wanapopoteza zaidi. Bendi mbili kongwe ni Msondo Ngoma na Mlimani Park. Msondo chimbuko lake ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, ikaja kuitwa Juwata, kisha OTTU. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza 1978. Marehemu Muhidin Maalim Gurumo aliimba kote kuwili, na mpaka leo mashabiki wa pande hizi mbili wanabishana kama watani wa Simba na Yanga. Kumbi na siku za kupiga hubadilika, kwa hiyo usitegemee tangazo la wiki iliyopita. Piga simu ukumbini mchana wa siku yenyewe na uulize maswali mawili: bendi ipo leo, na inapanda saa ngapi? Swali la pili ndilo la maana. Tangazo likisema saa 2 usiku, huo ni muda wa kufungua mlango. Vyombo vinapimwa hadi saa 3 na nusu hivi, saa nzima ya kwanza wanaimba vijana na nyimbo za kupasha moto, na waimbaji wenye majina hupanda kuanzia saa 5. Ukifika saa 2 utachoka kabla ya kilichokupeleka. Ukifika saa 6 utasimama ukutani. Saa 4 kasorobo ndiyo saa nzuri: meza bado zipo na chakula cha jikoni hakijaisha.

Kiingilio cha bendi hizi kwa kawaida ni kati ya shilingi 5,000 na 10,000, na mlangoni chenji ni shida, hivyo nenda na noti zinazotosheana. Ukiingia, usikimbilie meza ya mbele. Spika zimeelekezwa hapo, na utakachosikia ni bezi na tumba tu, maneno hupati. Mtafute fundi mitambo alipoketi na mashine yake, kisha kaa karibu naye au mbele yake kidogo. Yeye anapanga sauti kwa jinsi anavyoisikia akiwa pale, kwa hiyo pale ndipo gitaa la solo, ridhim na waimbaji wanaposikika kila mmoja mahali pake.

Tena usitoke nje wimbo unapoanza. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya pole: waimbaji wawili watatu wamesimama mstari mmoja, wanaimba kisa kizima kwa pamoja, cha ndoa, cha deni, cha mtoto asiyesikia la mkuu, na solo inawajibu mwisho wa ubeti, halafu matarumbeta na saksafoni yanaingia kati ya beti. Wenyeji wengi hapo wamekaa, wanasikiliza. Ya pili ni chemko: mwendo unapanda, solo inashika kipande kifupi na kukirudia, waimbaji wanabaki na vibwagizo, na ukumbi wote unasimama. Mgeni huona sehemu ya kwanza ni ndefu, anatoka kuagiza mishikaki, anarudi kwenye chemko asijue watu wanashangilia nini. Kisa ndicho kinachoipa chemko uzito wake.

Kuhusu kutunza, yaani kumpa msanii pesa akiwa jukwaani. Ukiguswa, nenda mbele taratibu kwa mwendo wa muziki na noti mkononi, umpe mwimbaji au umbandike kwenye paji la uso, kisha uondoke upande uleule uliotokea. Andaa noti za elfu moja na elfu mbili kabla hujatoka nyumbani. Usimkatize mpiga solo mikono ikiwa kazini. Noti yake iweke mfukoni mwa shati lake au msubiri amalize kipande.

Taarab ina kanuni kali kidogo kwenye jambo hilohilo. Katika taarab ya kisasa, ile ya mipasho, yaani maneno ya kusutana kwa mafumbo, kuinuka kutunza ni kusema. Anayetunza katikati ya ubeti anaonekana ameuchukua ubeti ule kuwa maneno yake, na mara nyingi kuna mtu ukumbini anayejua, au anayedhani, kwamba anaambiwa yeye. Ugomvi mwingi wa kwenye taarab huanzia hapo. Kama wimbo huujui, subiri kwanza: sikiliza beti zote, angalia kina mama wanainuka kwenye mstari gani na wanamtazama nani. Ukitaka tu kumpongeza mwimbaji, mtunze wakati vyombo vinapiga peke yake, kabla sauti haijaingia. Na vaa vizuri. Watu huja na sare walizoshona kwa ajili ya usiku ule, na kwenda na kaptula ni kuwavunjia heshima.

Jambo la kalenda ambalo huwaacha wageni wengi nje: mwezi wa Ramadhani bendi na vikundi vingi hupumzika. Wiki ya mwisho kabla ya mfungo kuna maonyesho ya vunja jungu, halafu Idi Mosi na Idi Pili kila kundi linarudi na nyimbo mpya. Hizo ndizo siku bora za taarab kwa mwaka mzima. Nenda mapema kuliko kawaida, kwa sababu ukumbi hujaa kweli.

Singeli nitaigusa kwa kifupi. Ni muziki wa kasi sana uliozaliwa uswahilini Dar, na ni sanaa kamili. Ukitaka kuisikia kwa mara ya kwanza, isikilize kwenye onyesho la jukwaani lenye mlango na kiingilio. Vigodoro, yaani ngoma za mtaani za usiku wa manane, nenda tu ukiwa na mwenyeji wa mtaa huo.

Mchana sasa. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Jengo la mbele lilifunguliwa 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na kumbi mpya ziko nyuma yake. Humo utakuta habari za Zinjanthropus, fuvu aliloligundua Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, magari waliyotumia viongozi wa nchi, na kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa 1998. Tenga saa mbili. Beba kitambulisho chako cha taifa, kwa sababu raia analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje. Nenda asubuhi ya Jumamosi kwa mwendokasi, shuka Posta ya Zamani, kisha tembea. Njiani pitia kwenye sanamu ya Askari pale Samora, iliyosimamishwa 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa Afrika Mashariki waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Utaona bunduki yake imeelekezwa bandarini.

Usijaribu kuunganisha Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za asili za makabila, siku moja kama saa 9 alasiri imekukuta bado mjini. Kijiji kiko Kijitonyama kwenye barabara ya Bagamoyo, na foleni ya kutoka mjini itakula muda wako wa ngoma. Kipe Jumapili yake. Ngoma za wikendi huchezwa alasiri, na watazamaji wakiwa wachache huchelewa, kwa hiyo uliza getini kikundi kipi kipo na kinaanza lini, kisha tumia muda huo kuziona nyumba. Ingia ndani, usiishie kupiga picha za nje. Kwenye msonge wa Wahaya, nyumba ya mviringo, nyasi zimeshuka hadi karibu na ardhi. Inama mlangoni, kisha simama dakika mbili tatu bila kutembea hadi macho yazoee giza, ndipo utaona nguzo na namna nyumba ilivyogawanywa. Halafu nenda kwenye tembe ya Wagogo yenye paa bapa la udongo. Utaelewa papo hapo tofauti ya nchi ya mvua nyingi na nchi kavu. Beba maji ya kunywa na kofia, jua la pale ni kali.

Kutoka hapo hadi Mwenge kwa wachonga vinyago ni mwendo mfupi wa bajaji. Mpingo wa kweli ni mzito na hauelei majini. Mti laini uliopakwa rangi ya viatu utaujua kwa kitambaa chenye maji: sugua chini ya kinyago, pale pasipoonekana, uone kama kitambaa kinabeba weusi. Wachoraji wa picha za Tingatinga wanapatikana Oysterbay kwenye ushirika wao. Edward Saidi Tingatinga alianza mtindo huu mwaka 1968 kwa rangi za mafuta zenye kung'aa, na rangi hizo hukauka polepole. Gusa pembeni ya picha kwa kidole kabla ya kulipa. Ikinata, iache, uifuate baada ya siku kadhaa. Ikikauka, ikunjwe upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba pana. Ukiikunja rangi ikiwa ndani inajikunyata na kupasuka.

Usiku wa kurudi, usisubiri daladala baada ya bendi. Onyesho huisha saa 8 au saa 9 usiku, na wakati huo wote wanaotoka wanaita gari kwa pamoja, bei inapanda. Toka nyimbo mbili kabla ya mwisho, au kubaliana mapema na dereva unayemfahamu, na hakikisha simu ina chaji.

Ukishazoea mji, weka akiba ya siku moja kwa tamasha la sanaa la Bagamoyo, linaloandaliwa na TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, tangu ilipokuwa Chuo cha Sanaa, miaka ya 1980. Huangukia kati ya Septemba na Novemba, na tarehe hutangazwa kila mwaka. Mchana kuna ngoma na sarakasi, usiku jukwaa kubwa. Ngoma nzuri hupanda wakati mabasi ya kurudi Dar yameshakwisha, kwa hiyo tafuta chumba Bagamoyo wiki mbili kabla, au nendeni watu wanne na gari moja.