Tovuti ya shirika la afya: anzeni na daftari la mapokezi

Ukifungua tovuti nyingi za mashirika yetu ya afya, kinachokupokea ni mgeni rasmi akikata utepe. Chini yake dira, dhamira, na salamu za mwenyekiti. Ya shirika letu, linalohudumia familia zenye watoto wa selimundu (ugonjwa wa kurithi wa damu), ilikuwa hivyohivyo. Mama aliyetaka kujua dalili za hatari ilibidi apakue PDF nzito ya kurasa za rangi. Kwa bando la siku!

Mkiamua kuitengeneza upya, rangi na nembo zisubiri. Mwendeeni dada wa mapokezi. Daftari lake la simu lilikuwa na maswali yaleyale: kliniki ni siku gani, dawa ya haidroksiyurea inapatikana wapi, bima inalipia? Hayo ndiyo tuliyoyafanya menyu. Lingine lilijirudia sana: sisi wazazi wote ni wabebaji, yaani tuna kinasaba cha selimundu bila kuugua, mtoto ajaye je? Tumejibu waziwazi kwamba uwezekano wa kuugua ni mmoja kwa nne katika kila mimba. Si kwamba mkishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama.

Juu kabisa tukaweka dalili za kukimbilia hospitali: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kupauka ghafla, tumbo kuvimba, mkono au mguu kulegea upande mmoja. Ziandikwe kwa maandishi, msizifanye picha. Maandishi hufunguka hata mtandao ukisuasua, na mama anaweza kuyanakili akamtumia bibi kwa WhatsApp. Chini yake wekeni tarehe ambayo daktari aliyapitia, na namba ya simu ambayo ukiibonyeza inapiga.

Bodi italalamika kuhusu wafadhili. Wapeni wafadhili kitufe chao na ukurasa wa hesabu zilizokaguliwa. Wengi wao wanatafuta hizo, sio utepe.

Kabla ya kuizindua, nendeni kwenye benchi la kliniki, mpeni mzazi simu, mwambieni atafute siku ya kliniki, kisha mnyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, maana kidole kinawasha kumwonyesha. Kwetu mama mmoja aliipita "Huduma Zetu" kama haipo, akabonyeza picha ya daktari. Wengine wakafanya vilevile. Picha tukaiacha palepale, ila sasa ukiibonyeza inafungua ratiba.