Je, kuwazia kunusurika huimarisha kumbukumbu?
Ndugu, umeuliza kama kuwazia kunusurika kunaimarisha kumbukumbu, au ni hofu tu. Mwaka 2007 mwanasaikolojia James Nairne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliwataka watu wajione wamekwama mbugani ugenini, bila chakula wala maji, kisha wakadirie kila neno waliloonyeshwa lingewafaa kiasi gani. Walipoulizwa baadaye bila kutarajia, walikumbuka maneno mengi kuliko waliowazia kuhamia nchi nyingine. Kwa maoni yangu, hofu pekee haitoshi kuwa jibu. Mwaka 2011 watafiti wengine, Kroneisen na Erdfelder, walipokibana kisa hicho kiwe cha kutafuta maji tu, faida ilififia, nami naafiki maelezo yao: anayewaza kunusurika hukibunia kitu kimoja matumizi mengi, kwa mfano kamba ya kutegea mnyama, kutekea maji au kufungia kibanda, na kila tumizi humsaidia kulikumbuka neno lenyewe.